Kabla mtoto hajalala porini, mweleze mwalimu ukweli

Mama mmoja mkazi wa Goba aliingia chumba changu cha daktari akiwa na mwanawe wa darasa la sita na barua ya shule mkononi. Kabla hata hajaketi akasema, "Dokta, naomba uniandikie kwamba mtoto anaumwa malaria, asiende kwenye hii safari."

Niliisoma ile barua. Shule ilikuwa inapeleka wanafunzi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kulala usiku mbili kwenye mahema. Mtoto hakuwa na malaria. Alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli, na kliniki yake anaihudhuria vizuri.

"Kwa nini tusiandike ukweli, mama?" nilimuuliza.

Alimtazama mtoto, kisha akashusha sauti. "Shuleni hawajui. Wakijua watamtenga."

Nikamgeukia mtoto, ambaye muda wote alikuwa anaangalia viatu vyake. "Wewe mwenyewe unataka kwenda?"

"Ndiyo, dokta. Nataka kuona tembo."

Mpendwa msomaji, tunaelekea kipindi cha likizo na barua za namna hii zitakuwa nyingi. Wakazi wa Goba, Madale, Mbezi na maeneo ya jirani nao siku hizi wanapenda kulala porini kifamilia au na vikundi vya kanisa, msikiti na kazini. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, mtu anaweza kutoka Ijumaa na kurudi Jumapili. Ni jambo zuri. Mtoto anayetembea msituni anapata mazoezi, anaachana na simu na anajifunza kujitegemea.

Lakini wazazi wengi wanaponiuliza kuhusu usalama, huuliza kuhusu simba. Miaka yangu ya udaktari imenifundisha jambo jingine. Kinachomwangusha mtoto porini mara nyingi ni mbu, maji, moshi, barabara, dawa iliyosahaulika mezani na ugonjwa ambao mwalimu hakuambiwa. Haya yote yanashughulikiwa nyumbani, kabla ya safari.

Hata daktari husahau

Nisijifanye mtakatifu. Miaka kadhaa iliyopita niliipeleka familia yangu kupiga kambi Mikumi. Mwanangu mdogo ana pumu. Nilipanga kila kitu: mahema, mchele, vitafunwa, hata karata. Saa 8 usiku akaanza kubanwa na kifua kwa sababu ya moshi wa moto tuliokuwa tumekaa kuuota. Nikaingiza mkono kwenye mkoba wa dawa na sikuikuta dawa yake ya kuvuta. Ilikuwa Goba, juu ya jokofu.

Nyumbani mtoto akizidiwa usiku unaita bodaboda au jirani mwenye gari. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuendesha gari ovyo usiku, mtandao wa simu unakuja na kupotea, na nje ya hema kuna wanyama. Nilikuwa daktari mwenye shahada, nikiwa sina dawa ya kumpa mwanangu.

Tuliokolewa na familia iliyokuwa hema la jirani. Mama yao alikuwa na pumu na dawa yake ilikuwa mfukoni. Nilitoboa tundu kwenye kitako cha chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, nikaingiza mdomo wa dawa pale, mtoto akavutia upande wa pili. Taratibu kifua kikafunguka. Asubuhi nilimwomba askari wa hifadhi atuongoze, tukaenda hospitali kumpima.

Tangu siku hiyo sifungi mkoba wa dawa kwa kumbukumbu ya kichwa. Ninafunga kwa orodha iliyoandikwa, na mtu wa pili anaikagua.

Jua unakokwenda

Kila mahali pana hatari zake, kwa hiyo swali la kwanza ni unakwenda wapi.

Hifadhi ya Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, haiko mbali na kwetu. Ni msitu wenye joto na unyevu, mbu wapo, na kuna mapango yanayokaliwa na popo. Mikumi, takribani kilometa 280 kutoka mjini, ina nyika, tembo, nyati, viboko na mbung'o. Saadani ipo pwani kaskazini mwa Bagamoyo, na kule joto la mchana na maji ya bahari vinahitaji tahadhari. Milima ya Uluguru na Udzungwa ina mito, maporomoko na usiku wenye baridi ambayo mtoto wa Dar es Salaam hajaizoea.

Uliza maswali matatu kabla ya kulipa. Kituo cha afya cha karibu ni kipi na kiko umbali gani? Je, kina dawa ya sumu ya nyoka? Gari litakalotumika kwa dharura litalala kambini au litarudi mjini? Mwalimu au mwandaaji asiyeweza kujibu maswali haya hajawa tayari kubeba watoto wa watu.

Angalia pia majira. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta matope, mbu wengi na mito inayofurika ghafla. Hema lisisimikwe kwenye mkondo wa mto uliokauka hata kama mchanga wake unavutia. Mvua inaweza kunyesha mlimani wewe usiione, na maji yakakufikia usingizini.

Wiki mbili kabla: kliniki na barua ya ukweli

Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu aonwe na daktari wake wiki mbili kabla. Kama wiki hizo ana homa, kifua kinabana kila siku, sukari inapanda na kushuka au ametoka kulazwa, safari isubiri. Kama yuko imara, mara nyingi anaweza kwenda, ilimradi watu wanaokwenda naye wanajua la kufanya.

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu asiyejua kwamba mtoto ana selimundu atamwona amekaa pembeni analalamika miguu, atamwita mvivu. Asiyejua kuhusu kifafa atadhani ni mapepo. Asiyejua kuhusu kisukari atamwambia mtoto anayetetemeka asubiri chakula cha mchana.

Andika barua ya ukurasa mmoja. Iwe na jina la mtoto, umri na uzito wake, ugonjwa wake, dawa na saa za kunywa, dawa au chakula kinachomdhuru, dalili za hatari na la kufanya, pamoja na namba mbili za simu, yako na ya ndugu mwingine. Mkabidhi mwalimu mmoja unayemwamini, ana kwa ana, na umwombe aitunze kama siri ya mtoto. Si lazima darasa zima lijue. Kadi ya bima au nakala yake ikae na mwalimu huyo, pamoja na ruhusa yako ya maandishi mtoto atibiwe kwa dharura.

Hakikisha pia chanjo za mtoto hazijapitwa, hasa ya pepopunda, kwa sababu porini miba na mikwaruzo haikosekani.

Magonjwa yanayohitaji maandalizi ya pekee

Selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo karibu kila shule kubwa ina mtoto mwenye selimundu. Maadui wake porini ni baridi, kiu, uchovu na malaria. Awe na chupa yake ya maji na anywe mara kwa mara bila kusubiri kiu. Awe na sweta, soksi na blanketi zito. Asiogelee kwenye maji baridi ya mto. Dawa zake za kila siku zisirukwe, na kama kliniki imempangia dawa ya kuzuia malaria aendelee nayo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au kwa mvulana uume kusimama kwa maumivu bila kulala, yote hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Mweleze mvulana wako hilo la mwisho mapema, maana wengi huona aibu kulisema.

Pumu. Dawa ya kuvuta iwe mbili: moja kwa mtoto, nyingine kwa mwalimu. Zitikise na kuzijaribu kabla ya safari. Mtoto akae upande ambao upepo hauleti moshi wa moto.

Kisukari. Kutembea sana hushusha sukari. Mtoto awe na glukosi, juisi au sukari mfukoni mwake, na mwalimu ajue kwamba kutokwa jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Insulini isiachwe ndani ya gari lililofungwa wala juani. Pasipo na jokofu, mtungi wa udongo uliolowanishwa kwa nje na kuwekwa kivulini huihifadhi vizuri kwa siku chache. Ifunge kwenye mfuko usioingiza maji kabla ya kuiweka.

Kifafa. Kukosa usingizi na kuruka dawa huamsha degedege. Mtoto huyu alale mapema hata kama wenzake wanaimba, asikae karibu na moto na asiingie majini peke yake. Akianguka, mgeuzeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe hospitali.

Kukojoa kitandani. Wazazi wengi hawalitaji hili, na watoto wengi hukataa safari kwa sababu yake. Si uvivu na si ukorofi. Apunguze vinywaji jioni, aende haja kabla ya kulala, awe na nguo za akiba na mfuko wa plastiki wa kuwekea zilizolowa. Mwalimu mmoja amwamshe mara moja usiku bila kelele. Angalizo: mtoto mwenye selimundu naye hukojoa sana usiku, lakini yeye asinyimwe maji. Aamshwe tu.

Kwa wasichana, weka taulo za kike hata kama hedhi haijaanza au siyo tarehe zake. Inaweza kuanza hukohuko, na ni vema kuwe na mwalimu wa kike wa kumweleza.

Mkoba wa dawa wa familia

Usibebe duka zima. Kwa usiku mbili au tatu vinatosha hivi: dawa za kila siku za kila mtu na akiba ya siku tatu zaidi, kipimajoto, parasetamoli ya kipimo cha mtoto, pakiti za ORS na vidonge vya zinki, sabuni, bandeji za kukunja, pamba na plasta, mkasi, kibanio cha kutolea miba, dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu, dawa ya kusafishia maji, tochi yenye betri mpya na simu yenye chaji pamoja na paua benki. Dawa zikae kwenye vifungashio vyake vyenye majina. Vidonge vilivyochanganywa kwenye karatasi moja ni hatari usiku.

Usibebe antibayotiki za kubahatisha. Wala dawa ya mseto ya malaria isitolewe kwa kila homa bila kipimo.

Barabara ni hatari kabla ya pori

Kila mara ninapozungumza na wazazi huwaomba waulize kuhusu basi kabla ya kuuliza kuhusu tembo. Safari ya barabara ya Morogoro ifanyike mchana. Kila mtoto awe na kiti chake na mkanda, asipakatwe wala kusimama. Dereva awe amelala usiku uliotangulia. Kama safari imepangwa kuanza usiku wa manane ili "kuwahi geti", mwombe mwandaaji abadilishe. Kuchelewa kumwona twiga kwa saa mbili hakumdhuru mtu.

Maji na chakula

Kuhara ndiyo sababu ya kawaida ya kuharibika kwa safari. Maji ya mto yanayoonekana safi hayana uhakika, kwa kuwa wanyama huyanywa na kujisaidia humo. Yachemshwe hadi yatokote vizuri walau dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama yana tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo cha kwenye chupa na usubiri muda ulioandikwa kabla ya kunywa.

Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Ndoo yenye bomba inatosha kambi nzima. Nyama na samaki viliwe siku ya kwanza, na siku zinazofuata mle vyakula vikavu: maharage, dagaa waliokaushwa, mchele, karanga, ndizi. Wali wa jana usiku uliolala kwenye sufuria usiupashe asubuhi ukampa mtoto.

Mtoto akihara, anza ORS mapema. Changanya na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, si kwa kukisia. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, vinafaa. Damu kwenye choo, kutapika kila kitu, macho kudidimia au kulegea ni dalili za kuondoka kambini.

Kuhusu kuogelea, mabwawa na mito inayokwenda taratibu inaweza kuwa na kichocho. Vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi, na kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Mtoto aliyeoga huko aelezwe hivyo akifika hospitali siku yoyote akikojoa damu. Ziwani na mtoni kuna viboko na mamba pia.

Mbu, mbung'o na kupe

Mbu wa malaria huuma usiku. Jua likianza kuzama, kama saa 12 jioni, kila mtoto avae suruali ndefu, mikono mirefu na soksi, na apakwe dawa ya kufukuza wadudu sehemu zilizo wazi. Hema lenye wavu na zipu nzima ni chandarua, lakini ni chandarua tu likiwa limefungwa. Hema lililotoboka liwekewe neti yenye dawa ndani.

Mbung'o huuma mchana, hupenya nguo nyepesi, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao unayoiona hifadhini hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sare za shule za buluu zibaki nyumbani, mtoto avae kaki au kijani iliyofifia, nguo nzito kidogo. Mbung'o anaweza kueneza malale, ingawa ni nadra kwa msafiri. Kidonda chenye uvimbe mahali alipouma pamoja na homa kionyeshwe daktari.

Jioni mkagueni kila mtoto kama ana kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani. Kupe hutolewa kwa kibanio, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu, bila kumchoma wala kumpaka mafuta ya taa.

Ndani ya hema

Hili nalisema kwa msisitizo kwa wanaokwenda milimani. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema ili kupata joto, hata kama mkaa unaonekana umekufa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala wakidhani wamechoka na hawaamki. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito kwa watu kadhaa hema moja ni dalili yake: toeni watu nje kwenye hewa haraka. Joto litafutwe kwa nguo, soksi, blanketi na mkeka mzito chini.

Chakula kisilale ndani ya hema. Nyani, fisi na tembo hufuata harufu, na maembe au machungwa ndani ya hema ni mwaliko. Watoto walale pamoja na mtu mzima, hema za wadogo ziwe katikati. Hakuna mtoto kwenda choo peke yake usiku. Wawe wawili na mtu mzima mwenye tochi, wamevaa viatu, si kandambili. Asubuhi kila mtu akung'ute viatu kabla ya kuvaa, maana nge hupenda kujificha humo.

Radi ikianza, ondokeni chini ya mti mrefu mkae ndani ya gari.

Nyoka, nyani na popo

Nyoka wengi hukimbia wakisikia hatua. Wanaouma sana ni kama kifutu, ambaye hubaki ametulia mpaka akanyagwe. Ndiyo sababu ya tochi na viatu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza umwaji wa nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na wengi wanaokufa ni wale waliochelewa kufika hospitali.

Mtu akiumwa, mtulizeni na asitembee. Vueni pete, bangili, shanga na viatu kabla ya kuvimba. Funga mguu au mkono kwenye kijiti kama uliovunjika, ili usitikisike, bila kuukaza. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kuzuia damu, usipake dawa, na usipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Msimtafute nyoka kumuua. Kama usafiri uliopo ni pikipiki, mgonjwa akae katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Swila akitema sumu machoni, osheni macho kwa maji mengi papo hapo, kisha mwende hospitali.

Nyani na tumbili wasilishwe kwa mkono. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa bila kusubiri dalili.

Mapango ya popo yatazamwe kwa mbali. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Nchini kwetu Marburg ilitangazwa mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025. Sisemi popo wa Pugu wana virusi hivyo. Nasema mtoto hana sababu ya kuingia gizani mwao, na asiokote popo aliyeanguka.

Mkisharudi Goba

Safari haiishi mlipofungua mabegi. Malaria huchukua wastani wa siku 9 hadi 14 tangu mtu aumwe na mbu hadi homa ianze, na mara chache huwa kabla ya siku ya saba. Kwa hiyo andika kwenye kalenda tarehe mliyorudi. Homa yoyote ndani ya wiki nne, nenda ukapimwe siku hiyohiyo na useme, "Tulilala porini tarehe fulani." Maneno hayo machache humsaidia daktari kuliko unavyodhani.

Sasa nirudi kwa yule mama. Sikumwandikia barua ya uongo. Tulikaa nusu saa tukaandika ya kweli, yeye akitaja na mimi nikiandika, mtoto akikumbusha dawa anazokunywa usiku. Siku mbili baadaye alikwenda kumwona mwalimu wa darasa. Aliniambia alikaa nje ya ofisi muda mrefu kabla ya kubisha hodi. Mwalimu aliisoma barua, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, mdogo wangu alikuwa nayo. Ningejua tangu darasa la tano nisingemkimbiza uwanjani vile."

Mtoto alikwenda. Aliwaona tembo.

Siku ya 11 baada ya kurudi alipata homa usiku. Mama hakusubiri asubuhi wala hakununua dawa duka la jirani. Alimleta saa 4 usiku, akataja tarehe ya safari. Kipimo kilionyesha malaria. Kwa kuwa ana selimundu tulimlaza. Alikiri kwamba usiku wa pili kulikuwa na joto, wakaacha zipu ya hema wazi. Siwezi kujua kama mbu aliyemuuma alikuwa wa Mikumi au wa Goba, maana hata huku tunao.

Mama aliniuliza wodini, "Dokta, nilikosea kumruhusu?"

Nilimwambia ninavyoamini. Malaria iliyopimwa siku ya kwanza ya homa inatibika. Iliyofichwa ndani kwa siku tatu, kwa mtoto kama huyu, ingeweza kutunyang'anya mtoto. Hakukosea kumruhusu, na alipatia kusema ukweli. Nyuma yetu mtoto alikuwa anamweleza nesi jinsi tembo mdogo anavyojificha kati ya miguu ya mama yake. Aliruhusiwa siku ya tatu.

Shule ikileta barua ya safari, usianze kwa kusema hapana. Shika kalamu, andika orodha, nenda kliniki, kisha nenda kabishe hodi kwa mwalimu.